Umbo la Makalio: Urithi au Mazoezi?

Najua ya kuwa wengine wenu mtakapoona kichwa cha habari hii mtacheka, na wengine mtaufunga ukurasa upesi mwalimu asiuone. Chekeni kidogo, kisha msome. Katika kurasa hizi za Kiswahili tumekwisha kusoma juu ya kilimo cha kahawa, juu ya adabu za mezani, na juu ya safari ya kwenda Jinja. Sioni kwa nini sehemu ya mwili ambayo kila mmoja wetu huikalia darasani tangu asubuhi hata jioni isipate ukurasa wake.

Sikulichagua jambo hili kwa mzaha. Muhula uliopita vilizunguka vidonge katika mabweni ya wasichana, vinne vinne, vimefungwa katika karatasi ya daftari. Aliyeviuza alisema ya kwamba vinaleta nyonga na makalio kwa muda wa majuma matatu. Fedha zilizolipwa zilikuwa fedha za sabuni. Msichana mmoja alisinzia katika kipindi cha hesabu siku tatu mfululizo. Mwingine uso wake ulivimba ukawa mviringo, hata mama yake alipokuja siku ya wazazi alimtazama mara mbili kabla ya kumwita jina. Hakuna aliyesema neno kwa sauti, na jambo linalonong'onwa halipati mtu wa kulisahihisha. Hapo ndipo muuzaji apatapo faida yake.

Basi mimi nataka kulisema wazi: umbo la makalio hutoka wapi, mazoezi yaweza kulibadili kwa kadiri gani, na kwa nini naona ya kuwa wasichana wa shule hii wapewe uwanja wa michezo.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Ukiangalia kwa macho waona umbo moja tu, lakini ndani yake mna vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina tabia yake. Kuna mifupa ya nyonga, ambayo ndiyo nguzo za nyumba. Juu ya mifupa kuna misuli mitatu kila upande, mkubwa, wa kati na mdogo. Na juu ya misuli, chini ya ngozi, kuna mafuta. Watu wanapogombana juu ya urithi na mazoezi, mara nyingi mmoja anazungumza juu ya mfupa, na mwingine juu ya msuli, na muuza vidonge anazungumza juu ya mafuta, nao wote wanadhani wanazungumza neno moja.

Msuli mkuu wa kalio ndio msuli mkubwa kuliko yote katika mwili wa mwanadamu. Sokwe anao pia, lakini wake haukujengeka kama wetu, na ndiyo sababu ukimtazama kwa nyuma humwoni na makalio kama ya mtu. Mwaka 2006 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichunguza kazi ya msuli huu. Waliona ya kuwa mtu anapotembea polepole mahali pa tambarare hufanya kazi kidogo sana, lakini akianza kukimbia, au akipanda mlima, huamka na kufanya kazi kwa nguvu, maana ndio unaozuia kiwiliwili kisianguke mbele. Unaweza kujaribu mwenyewe, ingawa nakushauri ujaribu wakati hapana mtu njiani. Weka mkono hapo utembee katika ujia wa madarasa, kisha uweke tena unapopanda ngazi za bwalo la chakula. Utajua tofauti.

Nalipenda jambo hili kwa sababu moja. Mtu akikuambia ya kuwa makalio ni pambo la kutazamwa na wavulana, waweza kumjibu ya kuwa ni mtambo. Babu zetu na bibi zetu wa zamani sana waliutumia kukimbilia mawindo na kukimbia hatari, na sisi tunautumia kupanda kilima hiki cha shule na dumu la maji la lita 20.

Sasa nije kwenye urithi, maana hapa ndipo penye maneno mengi. Mfupa wa nyonga hufuata kwa sehemu kubwa maagizo tuliyozaliwa nayo. Msichana anapobalehe mifupa yake ya nyonga hupanuka kuliko ya mvulana, na homoni iitwayo estrojeni huyapeleka mafuta kwenye mapaja na makalio zaidi kuliko tumboni. Hakuna zoezi duniani linaloweza kuupanua mfupa wa nyonga wa mtu mzima. Kama nyonga zako ni nyembamba, ni nyembamba, na atakayekuuzia cha kuzipanua anakuuzia upepo.

Mafuta nayo yana anwani zake. Mnajua ya kuwa watu wawili wakinenepa, mmoja huanzia tumboni na mwenziwe huanzia nyuma. Je, ni chakula kilichochagua? Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laval, katika nchi ya Canada, walitoa habari ya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa elimu ya viumbe afaa alijue. Walichukua vijana mapacha wa kufanana kabisa, jozi 12, wakawalisha kupita haja yao: kalori 1,000 zaidi kwa siku, siku 6 kwa juma, mpaka zikatimia siku 84 za kulishwa. Chakula cha ziada kilikuwa kile kile kwa wote. Kwa wastani kila mmoja aliongezeka kilo 8.1, lakini aliyeongezeka kidogo kabisa alipata kilo 4.3, na aliyezidi wote alipata kilo 13.3. Ajabu ni kwamba pacha na pacha mwenziwe walifuatana. Tofauti kati ya jozi na jozi ilikuwa mara tatu hivi ya tofauti iliyokuwa ndani ya jozi moja. Na mahali mafuta yalipojiweka, kama ni tumboni au kwingineko, mapacha walifanana zaidi hata kuliko walivyofanana kwa uzito.

Mwaka 2015 wataalamu wengi walioungana kutoka nchi mbalimbali walitangaza katika gazeti la sayansi liitwalo Nature ya kuwa wamechunguza jeni za watu zaidi ya 224,000 wakilinganisha mzingo wa kiuno na mzingo wa nyonga. Walipata sehemu 49 katika jeni zinazohusika na jinsi mafuta yanavyogawanywa mwilini. Kati ya hizo, 20 zilionyesha tofauti kati ya wanaume na wanawake, na 19 kati ya hizo 20 zilikuwa na nguvu zaidi kwa wanawake. Yafaa niseme pia ya kuwa wengi wa watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo hesabu zake tusizichukue kana kwamba zilipimwa hapa Uganda. Lakini somo moja ni wazi: hapana jeni moja ya makalio. Kuna nyingi, kila moja inavuta kidogo, hii huku na ile kule.

Ndiyo maana dada wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Kila mtoto hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba, lakini nusu yangu si nusu ya dada yangu. Dada yangu amechukua umbo la mama. Mimi nimekwenda kwa shangazi zangu wa upande wa baba, ambao wote ni warefu na wembamba nyuma, na darasani nimekwisha kuitwa "Ubao" tangu mwaka wa kwanza. Shangazi yangu mkubwa amezaa watoto sita, analima ekari mbili kwa jembe la mkono, wala sijasikia mume wake akilalamika.

Wengine hupenda kusema ya kuwa kabila fulani lina makalio na kabila fulani halina. Maneno haya nayasikia kila siku ya Jumamosi tunapofua nguo. Mimi siyapendi, tena si kwa adabu tu. Yaangalie mabweni yetu: katika kila kabila wamo wenye umbo hili na wenye umbo lile, na hata katika nyumba moja, kama nilivyosema. Na tukumbuke mwisho wa kuwapima watu kwa makalio yao. Mwanamke mmoja wa Kikhoikhoi kutoka Afrika Kusini, Sarah Baartman, mwaka 1810 alipelekwa London akaonyeshwa kwa watu waliolipa fedha kutazama makalio yake, kisha akapelekwa Paris. Alikufa huko mwaka 1815. Hata maiti yake haikupumzishwa. Mtaalamu mkubwa wa siku zile, Georges Cuvier, aliipasua, na sehemu za mwili wake zikawekwa katika jumba la makumbusho, zikaonyeshwa mpaka miaka ya 1970. Alirudishwa kwao mwaka 2002, akazikwa Hankey tarehe 9 Agosti mwaka ule ule. Mtu yule hakuwa na ugonjwa wala ajabu yoyote. Alikuwa na umbo linaloonekana sana kwa wanawake wa watu wake, basi. Na kichekesho chenyewe ni hiki, ya kuwa miaka ya 1870 na 1880 mabibi wa Ulaya wenyewe walivaa vijitakia na waya chini ya magauni yao, kwa nyuma, ili waonekane na makalio makubwa!

Kwa hiyo mtindo hubadilika. Leo unasifu hiki, kesho unasifu kile, na mifupa yetu haiwezi kukimbizana nao. Hapa kwetu mama zetu walikuwa na akili zaidi. Gomesi likifungwa vizuri na mshipi wake chini ya kiuno, hakuna awezaye kujua kilichomo ni urithi au ni kitambaa.

Je, maana yake mazoezi ni kazi bure? La, hasha. Hapa naachana na wale wenzangu ambao wakisikia neno urithi hulala kitandani na kusema, "Mungu ameniumba hivi." Urithi hausemi hivyo. Chukua maharage ya mfuko mmoja, upande nusu katika udongo mweusi wenye samadi na nusu katika changarawe nyuma ya jiko. Mbegu ni zile zile, lakini mavuno siyo. Wataalamu wanaposema ya kuwa urithi unaeleza sehemu fulani ya tofauti za umbo, wanazungumza juu ya tofauti kati ya watu wengi. Hawasemi ya kuwa sehemu hiyo ya mwili wako wewe imefungwa kwa kufuli.

Kitu kinachobadilika kwa mazoezi ni ule msuli. Msuli ukipewa mzigo kuliko ulivyozoea, kisha ukapewa chakula na usingizi, nyuzi zake hunenepa. Mwaka 2019 huko Japani, Kubo na wenzake walitoa habari za vijana wa kiume 17 waliofanya zoezi la kuchuchumaa na kuinuka wakiwa na vyuma mabegani, mara mbili kwa juma, kwa majuma 10. Waliochuchumaa mpaka chini kabisa, misuli ya makalio yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 6.7. Waliochuchumaa nusu tu waliongezeka asilimia 2.2. Mwaka 2023 Plotkin na wenzake huko Marekani walilinganisha zoezi hilo na lile la kuegemeza mgongo kwenye benchi na kuinua nyonga juu pamoja na chuma. Baada ya majuma 9 misuli ya makalio ilikuwa imekua karibu sawasawa kwa mazoezi yote mawili. Basi msigombane ni zoezi lipi. Chagueni moja mlifanye mpaka chini.

Itazameni vizuri hesabu ile ya asilimia 6.7. Ni kazi ya miezi miwili na nusu. Kitu hicho chaonekana, tena chajulikana zaidi unapopanda kilima, lakini hakikugeuzi kuwa mtu mwingine. Anayekuahidi majuma matatu ni mwongo, awe anauza vidonge au anauza mazoezi.

Tena hata katika kukua kwa msuli urithi umo. Mwaka 2005 huko Marekani zilitolewa habari za watu 585 waliozoeza mkono mmoja kwa majuma 12, wote kwa utaratibu mmoja. Msuli wa mmoja wao uliongezeka asilimia 59, na mwingine haukuongezeka hata kidogo, ulionekana kupungua asilimia 2. Jaribio lilikuwa la mkono, lakini sioni sababu ya kudhani ya kuwa makalio yana sheria nyingine. Kwa hiyo ukifanya mazoezi pamoja na rafiki yako na yeye akapata zaidi, usimwonee wivu wala usidhani umefanya kosa. Pima nguvu zako za leo na nguvu zako za mwezi uliopita.

Kuna na imani moja ambayo yapendeza tuizike. Wengi hudhani ya kuwa ukizoeza mahali fulani, mafuta ya mahali hapo yatayeyuka, au kinyume chake, yatakuja kukaa hapo. Mwaka 1971 wachunguzi waliwapima wachezaji wa tenisi, ambao mkono mmoja hufanya kazi miaka mingi kuliko wa pili. Mkono ule wa kuchezea ulikuwa mnene zaidi kwa msuli, lakini mafuta chini ya ngozi yalikuwa sawa mikono yote miwili. Mafuta hutoka na huingia kwa amri ya mwili mzima, na amri hiyo ndiyo ile tuliyoirithi.

Aina ya mchezo nayo huacha alama yake. Watazameni wakimbiaji wetu. John Akii-Bua, aliyepata medali ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972 katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82, alihitaji nguvu za ghafula. Peruth Chemutai wa Bukwo, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki, aliyoipata Tokyo mwaka 2021 katika mbio za mita 3,000 za viunzi na maji, alihitaji kudumu, na mwili mwepesi humfaa mtu wa kudumu. Wachunguzi wa Loughborough, Uingereza, mwaka 2020 waliwapima wakimbiaji wa mbio fupi, wakaona ya kuwa ukubwa wa msuli mkuu wa kalio peke yake ulieleza theluthi moja au zaidi ya tofauti za mwendo wao katika mita 100. Wa mbio ndefu ni wembamba, nao wanatupita sote kilimani. Ni nani atakayethubutu kumwita Chemutai "Ubao"?

Chakula nacho kina neno lake, nitalipita upesi. Msuli haujengwi kwa posho peke yake. Maharage ya hapa shuleni, ambayo tunayasema vibaya kila siku, pamoja na karanga na mayai tukiyapata, ndiyo yanayojenga. Anayeacha maharage yake sahanini akaenda kununua vidonge amebadilisha matofali kwa rangi ya ukuta.

Na sasa vidonge vyenyewe. Viko vya namna mbili vinavyosikika sana katika miji yetu na ya jirani zetu wa Kongo. Kimoja ni siproheptadini, dawa ya watu wanaowashwa na kupiga chafya kwa mzio. Huongeza hamu ya kula, na pia huleta usingizi. Basi mkikumbuka yule msichana wa kipindi cha hesabu mtaelewa. Chakula kinachoongezeka kitageuka mafuta, na mafuta yatakwenda kwenye anwani yake ya urithi. Kama kwenu mafuta hukaa tumboni, umelipa fedha kununua tumbo.

Cha pili ni deksamethasoni, na hiki chanitisha zaidi. Kwa mgonjwa wake ni dawa njema sana; mwaka 2020 ilionekana kuokoa maisha ya wagonjwa wa Korona waliozidiwa hospitalini. Lakini mtu mzima wa afya akiitumia siku nyingi humfanya nini? Huyahamisha mafuta kwenye uso, shingoni, mgongoni na tumboni, na kule kuvimba kwa uso ndiko kulikomshangaza yule mama siku ya wazazi. Huongeza sukari katika damu na kudhoofisha mifupa. Na ukiiacha ghafula baada ya kuizoea waweza kuugua vibaya, kwa kuwa mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe. Kwa hiyo aliyekwisha kuitumia muda mrefu asiitupe tu chooni kwa hofu, aende kwa daktari kwanza. Lakini neno ambalo muuzaji hakulisema ni hili: dawa hii huvunja misuli, na misuli inayoanza kudhoofika ni ile ya mapaja na ya nyonga. Yaani msichana amenunua makalio, na kidonge kinamla makalio. Ataona taabu hata kuinuka alipochuchumaa.

Sindano na kisu ni mbali na mifuko yetu, namshukuru Mungu, lakini nazitaja kwa sababu picha zake zinafika bwenini. Mwaka 2017 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa iliwaonya watu wasidungwe silikoni ili kukuza makalio, kwa kuwa yaweza kusafiri katika damu na kuua. Na ile kazi ya kufyonza mafuta ya tumbo na kuyadunga nyuma, jopo la madaktari wa upasuaji wa namna hiyo mwaka 2017 lilikadiria ya kuwa ilikuwa ikiua mtu mmoja katika kila 3,000 hivi, maana mafuta yakiingia katika mishipa mikubwa huenda moyoni na kwenye mapafu. Wale waliokufa walikwenda hospitalini wakiwa wazima.

Najua watakaonipinga. Kaka zetu watasema ya kuwa wao hawakumlazimisha mtu kumeza kidonge. Ni kweli, hamkumlazimisha. Mlimwita majina tu kila alipopita mbele ya bweni lenu, muhula mzima. Nawaomba msome tena habari ya Sarah Baartman, mhesabu na waliolipa kuingia.

Wengine, na hao ni watu wazima ninaowaheshimu, husema ya kuwa msichana akikimbia sana na kuinua vitu vizito mwili wake utakuwa wa kiume. Naomba radhi kwa kusema ya kuwa hofu hii haina msingi. Msichana hana homoni za kiume za kutosha kumpa misuli kama ya mvulana, hata akitaka. Na mama hao hao wanaotukataza kuinua vyuma wamebeba kuni, maji na watoto migongoni tangu walipokuwa wadogo kuliko sisi, wala hakuna aliyewaambia ya kuwa wamekuwa wanaume.

Neno langu kwa wakuu wa michezo ni hili. Uwanja wetu ni mmoja, nao kila jioni ni wa mpira wa miguu wa wavulana. Wasichana tuna netiboli siku ya Jumatano, na ni wale tu waliochaguliwa katika timu. Waliobaki hukaa kwenye nyasi wakishangilia, au husuka nywele, na ni katika kukaa huko ndiko vidonge vilikouzwa. Naomba tupewe uwanja siku mbili, Jumanne na Alhamisi, tangu saa kumi na nusu hata saa kumi na mbili kasoro robo. Kilima kilicho nyuma ya karakana chatosha kwa mbio za kupanda. Vyuma hatuna, lakini madumu yapo, na dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Anayeanza alijaze robo, achuchumae nalo mpaka chini na kuinuka mara nane, apumzike, arudie mara tatu. Akizoea aongeze maji.

Tena naomba turuhusiwe kuvaa suruali fupi za michezo badala ya sketi, kwa sababu hakuna awezaye kupanda kilima mbio huku ameshika pindo la nguo. Matroni amekwisha kusema ya kuwa yeye hana neno, mradi ziwe za urefu wa magoti. Majina ya wasichana wanaotaka kuanza nimeyaandika katika daftari la kijani, nalo liko kwa kiranja wa bweni la kwanza. Walio katika timu ya netiboli nao wanakaribishwa, lakini wasitegemee kupewa nafasi ya mbele.